Pacha wa Chupani

Kila Ijumaa saa nane mchana huwa nazungumza na chupa. Wenzangu wananicheka, na wana haki yao, maana mtu mzima kusimama mbele ya beseni na kuiambia chupa "haya mama, leo una ngapi?" si jambo la kujivunia. Lakini kazi yangu ndiyo hiyo. Chupa ni zaidi ya thelathini, zimesimama ndani ya beseni kubwa la maji yenye joto la mwili wa binadamu. Ndani ya kila chupa mna maji ya chumvi, na ndani ya maji ya chumvi mna kibamba chembamba kinachopitisha mwanga, kifupi kuliko kidole gumba changu.

Vibamba hivyo tunavitengeneza kwa asidi. Watu wakisikia neno asidi wanarudi nyuma hatua mbili. Mdogo wangu, siku nilipoajiriwa hapa maabara, aliniambia niage macho yangu mapema. Nikamwambia asidi yetu ni ya maziwa, ile ile inayochachusha maziwa yakisahauliwa mezani, ile ile ambayo misuli yako inaitoa ukipanda ngazi mbio. Ikishikanishwa minyororo mirefu inakuwa kitu kigumu, punje nyeupe ndogo kama za mchele uliokatika. Tunazikausha, tunaziyeyusha, tunazibana ndani ya kalibu, zinatoka vibamba na skrubu za kushikia mifupa. Daktari anazifunga, mfupa unaunga, halafu kibamba chenyewe kinarudi taratibu kuwa asidi iliyokuwa mwanzo. Mwili unaitumia na kuitoa kwa pumzi. Hakuna kupasuliwa mara ya pili kutoa chuma.

Nikifika hapo kwenye "hakuna kupasuliwa mara ya pili" huwa nanyamaza siku hizi. Zamani nilikuwa naitamka kwa mbwembwe.

Basi hizo chupa. Kila mkupuo wa vibamba una pacha wake. Kibamba kinachokwenda kwa mgonjwa kinaacha mwenzake hapa, aliyetoka kalibu moja naye, siku moja, punje zile zile. Yanayompata pacha chupani ndiyo yanayompata mwenzake mwilini, ambako hatuwezi kuchungulia. Maji ya chupa yanaanza na kipimo cha saba nukta nne, sawa na damu ya mtu. Kibamba kikianza kuvunjika kinaachia asidi, na namba inashuka. Kibamba kizuri hukaa wiki kumi na tano, kumi na sita, kabla namba haijatikisika. Mfupa unahitaji wiki nane tu, kumi kwa tahadhari. Kwa hiyo mimi kila Ijumaa nazama na kijiti changu cha kupimia, chupa baada ya chupa, naandika.

Mkuu wetu wa maabara tunamwita Bi Nukta. Ukimwambia namba ni saba, anauliza, "Saba nukta ngapi?" Ukimwambia utafika saa tatu, anauliza, "Na dakika?" Wasemaji wanasema hata chumvi anatia kwa mizani. Ni mwanamke mfupi, mtulivu, na sijawahi kumsikia akipaza sauti. Mimi ndiye mwenye hasira za karibu hapa. Mtu akiacha mlango wa oveni wazi nitamsema mpaka ajute kuzaliwa, kwa sababu punje zetu adui yake mkubwa ni unyevu. Punje iliyokunywa maji, hata kidogo tu usichoweza kukiona, ikiyeyushwa minyororo yake inakatikakatika humo humo mashineni. Kibamba kitatoka kizuri cha kutamanika. Kitang'aa, kitapita mtihani wa kukunjwa. Ila hakitadumu.

Yote haya nilikuwa nayajua. Nimewafundisha wengine.

Mtoto wa mdogo wangu alizaliwa mnene kiasi kwamba manesi walimwita Bonge kabla wazazi wake hawajaamua jina, na Bonge ndilo likakaa. Mimi ni shangazi yake wa pekee. Alipofika miezi minne, wifi yangu, ambaye ni fundi cherehani na jicho lake ni la kupima, alikuwa anamkata kofia akagundua kitu. Akaniita. "Wifi, njoo uone. Kichwa kinakua mbele na nyuma, pembeni hakiendi. Nimepima mara tatu wiki hizi mbili." Mdogo wangu akasema kichwa cha ukoo wetu ndivyo kilivyo, tena akajishika chake. Wifi hakucheka.

Hospitali walisema maungio ya fuvu yamewahi kufunga. Fuvu la mtoto mchanga huwa vipande vipande ili ubongo upate nafasi ya kukua, na vya Bonge vilikuwa vinashikana kabla ya wakati. Asipofanyiwa kitu, ubongo utabanwa na macho yatadhurika. Daktari wa upasuaji angeikata mifupa ya paji la uso, aipange upya, aifunge. Na kwa mtoto huwezi kufunga kwa chuma, kwa sababu fuvu litaendelea kukua na chuma hakikui, kitazama ndani. Kilitakiwa kitu kitakachoshika wiki kadhaa kisha kiondoke chenyewe.

"Vile vyenu," Daktari akaniambia. Alikuwa ananifahamu kwa kazi. "Sita, na skrubu ishirini na nne."

Bi Nukta alinishauri nimwachie mwenzangu wa zamu atengeneze. "Mikono yako mizuri," alisema, "lakini huyu ni damu yako." Nikamjibu kwa ukali kidogo, nikamwambia kama mikono ni mizuri kwa watoto wa watu basi ni mizuri kwa wa kwetu. Akaniangalia sana. Akasema haya.

Sasa nieleze nilichofanya, maana nimeshakieleza mara nyingi na kila mara nakuta sina pa kujifichia.

Nilikausha punje kwa saa kumi na mbili kwenye oveni, pampu ikifyonza hewa, kama inavyotakiwa. Nikapima unyevu, ukawa chini kabisa. Nikaandika daftarini. Kutoka hapo, sheria ni dakika kumi: punje zinaingia kwenye kopo lenye mfuniko, kopo linakwenda mashineni, basi. Nilipofungua kopo nikaona punje moja yenye umanjano. Halafu nyingine. Katika punje mia huwa mbili tatu zina umanjano, hazina neno, ni kama madoa ya maharage. Nimezimimina kwa miaka tisa bila kuzitazama mara mbili. Lakini siku ile nikafikiria umanjano ule ndani ya kichwa cha Bonge, moyo ukakataa.

Nikazimwaga kwenye sinia. Nikachukua kibano, nikaanza kuchagua moja moja. Nje mvua ilikuwa inanyesha, hewa nzito, miwani yangu ilikuwa inafanya ukungu. Naikumbuka ile miwani. Niliivua nikaifuta kwa koti nikaendelea. Nilikuwa naimba. Nilijiambia nafanya haraka. Nilikuwa najiona shangazi wa maana kuliko mashangazi wote duniani. Nilipomaliza, kila punje nyeupe pe, nikatazama saa ya ukutani: saa moja na robo ilikuwa imepita.

Nilishtuka, nakiri. Ningeweza kuzirudisha kwenye oveni. Lakini mashine ilikuwa imeshapata moto, mwenzangu alikuwa anaisubiri, na mimi nikajipa moyo kwamba dirisha limefungwa, kwamba saa moja si siku nzima. Kipimo cha unyevu kilikuwa kimeshaandikwa na kilikuwa kizuri. Nikamimina.

Vibamba vilitoka vya ajabu. Bi Nukta aliinua kimoja kwenye taa, akakikunja, kikamgomea. "Safi," akasema, na kwa Bi Nukta hiyo ni hotuba. Pacha nikamtumbukiza chupani, chupa namba kumi na saba.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kwa saa tano na nusu tulikaa kwenye benchi la korido, wifi anashona kitu kisicho na kichwa wala miguu ili vidole viwe na kazi, mdogo wangu anahesabu vigae vya sakafu. Daktari alipotoka akitabasamu, wifi alinikumbatia mimi kabla ya mumewe. Jioni ile nyumbani kwao nilisifiwa mpaka nikaona haya. Mdogo wangu akasema dada yake ana mikono ya kutengeneza watu. Nikajifanya kukataa.

Ijumaa ya kwanza, chupa namba kumi na saba ilisoma saba nukta nne. Ya pili, saba nukta nne.

Ijumaa ya tatu ilisoma sita nukta tisa.

Nilicheka. Kweli, nilicheka peke yangu, nikasema kijiti hiki kimechoka. Nikakiosha. Nikakipima kwenye maji ya mfano, ambayo namba zake zinajulikana. Kikasoma sawasawa. Nikapima chupa namba kumi na sita: saba nukta nne. Namba kumi na nane: saba nukta nne. Nikarudi kwenye kumi na saba, nikasubiri namba itulie, na nilipokuwa nasubiri nilijua. Kabla namba haijatulia niliona sinia, na mvua, na miwani yangu yenye ukungu.

Sita nukta tisa.

Nikashika kalamu nikashindwa kuandika. Mstari wa chupa namba kumi na saba niliuacha wazi. Nikajiambia nipime tena Jumatatu, huenda maji yaliingia uchafu, huenda chupa haikuoshwa. Nilijiambia mengi. Nyote mmewahi kujiambia mengi. Kitu kimoja ambacho sikujiambia ni kwamba hakuna mtu mwingine anayesoma zile chupa, na mstari mtupu hauulizwi na mtu kwa wiki nzima.

Jumapili nilikuwa nimealikwa kwa mdogo wangu. Ningeweza kusingizia homa. Nikaenda. Bonge alikuwa amekaa kwenye mkeka na bendeji yake imeshatolewa, mstari wa mshono unapita kutoka sikio hadi sikio, anapiga sufuria kwa kijiko kama fundi bati. Aliponiona akainua mikono. Nikambeba. Akaegemeza kichwa kwenye kiganja changu, na mimi nikakishika kile kichwa, chini ya vidole vyangu nikahisi vile vitu sita nilivyovichagulia punje kwa mkono. Wifi akasema, "Anakupenda huyu, wifi. Kwangu hatulii hivyo." Nikacheka. Nikala nikashiba, nikaondoka bila kusema neno.

Jumatatu saa moja na dakika arobaini asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Bi Nukta.

"Chupa kumi na saba imeshuka," nikasema.

"Nukta ngapi?"

"Sita nukta tisa. Leo sita nukta nane."

Alivua miwani. "Daftari lako la siku ile linaonyesha unyevu ulikuwa sawa."

"Nilipima kabla."

"Kabla ya nini?"

Nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha, na nilipomaliza akawa anageuza miwani yake mezani. Nilitamani anigombeze. Mimi ningekuwa nimeshavunja kitu.

"Ungeweza kuniambia kijiti kimeharibika," akasema hatimaye. "Ningeamini."

"Najua."

"Mkupuo ule wote ulikwenda kwa mtoto mmoja?"

"Wote. Kwa Bonge peke yake."

"Vaa koti lako la kutokea," akasema. "Tunakwenda hospitali."

Daktari alimpiga Bonge picha siku ile ile. Skrubu mbili za upande wa kulia zilikuwa zimeanza kulegea, na kibamba kimoja juu ya jicho kilikuwa na ufa. Mifupa ilikuwa haijaunga. Kama vibamba vingeachia sasa, paji la uso lingezama juu ya macho, na kazi yote ya kwanza ingekuwa bure na mbaya kuliko mwanzo. Ilibidi afunguliwe tena, ndani ya siku chache, vitolewe, viwekwe vingine. Daktari aliyasema hayo mbele ya wazazi, ofisini kwake, kwa sauti ya taratibu, huku Bonge akijaribu kula kalamu yake. Kisha akanitazama mimi, kwa sababu tulikuwa tumekubaliana kwamba sababu nitaisema mwenyewe.

Nikaisema. Oveni, kopo, punje za njano, sinia, saa moja na robo, chupa iliyoshuka hadi sita nukta tisa. Sikujitetea mahali popote. Katikati nililazimika kuomba maji.

Mdogo wangu ndiye aliyeongea kwanza. Alikuwa amekunja mikono kifuani, macho mekundu. "Ni bahati mbaya, dada," akasema. "Kazi ni kazi. Nani asiyekosea?"

Hasira zikanipanda, hapo hapo, mahali pasipostahili. "Si bahati mbaya!" nikamkaripia. "Bahati haikushika kibano. Nilikishika mimi." Akainamisha kichwa. Mpaka leo najilaumu kwa kumfokea mtu aliyekuwa ananionea huruma.

Wifi alikuwa amemchukua Bonge mapajani, anamfuta udenda. Aliuliza bila kuniangalia.

"Zile za njano zina ubaya gani?"

"Hazina ubaya."

"Watoto wengine wanawekewa nazo?"

"Wote."

"Sasa ulizitoa za nini?"

"Nilitaka za Bonge ziwe safi kuliko za wengine."

Akatikisa kichwa polepole, kama anayepokea kipimo cha mteja. "Na ulijua lini?"

Nilikuwa nimeliombea swali hilo lisije. "Ijumaa."

"Leo Jumatatu."

"Ndiyo."

"Jumapili ulikuja kwangu. Ukala."

"Nilikuja."

"Ulimshika kichwa," wifi akasema. Sasa alinitazama. "Ulimshika mwanangu kichwa huku unajua."

"Nilikuwa najua."

Hakulia wala hakunitukana. Mdogo wangu alianza kusema kitu, akamzuia kwa kiganja. Bi Nukta alikohoa kidogo, akasema kwamba vibamba vipya vitatengenezwa na fundi mwingine, kesho, chini ya usimamizi wake mwenyewe. Nikaitikia haraka. Nilitaka sana iwe hivyo. Kama kuna kitu nilikitaka duniani wakati ule, ni kutoiona tena mashine ile.

"Hapana," wifi akasema. "Atengeneze yeye."

"Wifi, mimi siwezi—"

"Huyo mwingine simjui. Atakosea wapi, sijui. Wewe najua ulipokosea." Akamhamisha Bonge goti la pili. "Utatengeneza. Lakini usimtengenezee Bonge. Tengeneza kama vya mtoto wa mtu usiyemfahamu, ambaye hutamwona maisha yako yote. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Na kila Ijumaa ukishapima, unipigie simu unitajie namba. Ijumaa, si Jumatatu."

Nilitengeneza Jumatano asubuhi. Bi Nukta alisimama kando yangu na saa mkononi. Oveni saa kumi na mbili. Kipimo cha unyevu. Kopo, mfuniko. Nilipofungua kopo juu ya mdomo wa mashine niliiona punje moja ya njano, iko juu kabisa, ya njano haswa kuliko zote nilizowahi kuona. Kidole kikaniwasha. Nikaweka mkono wa kushoto mgongoni, nikamimina kwa wa kulia. Dakika nne na sekunde ishirini, akasema Bi Nukta. Kimoja kati ya vile sita kilitoka na kivuli cha njano kwenye pembe, chembamba, kama alama ya chai kwenye kikombe. Nikakiweka kwenye sanduku pamoja na vingine. Pacha akaingia chupa namba thelathini na mbili.

Siku ya upasuaji sikukaa kwenye benchi. Nilikaa chini, ghorofa ya kwanza, mahali pa kusubiria dawa, kwa sababu wifi alikuwa juu na sikutaka alazimike kuniona. Upasuaji ulichukua saa sita na dakika kumi. Daktari alishuka mwenyewe. Bonge yuko salama, akasema, amepoteza damu zaidi kuliko mara ya kwanza lakini yuko salama. Akatoa mfukoni mfuko mdogo wa plastiki wenye vibamba vyangu vya kwanza, vile vyeupe pe. Akachukua kimoja kwa vidole viwili, akakibonyeza kidogo tu. Kikakatika bila hata kutoa sauti.

"Nilidhani ungependa kuviona," akasema. Hakuwa na ubaya. Nilimwomba mfuko nikaenda nao, uko kwenye droo yangu mpaka sasa.

Tangu siku hiyo sikuingia tena kwa mdogo wangu. Sikufukuzwa na mtu. Yeye alikuwa anapita kwangu baada ya kazi, anakaa, ananisimulia kwamba Bonge ametambaa, Bonge amesimama kwa kushika kiti, Bonge ameng'ata mteja. Nikamwomba radhi kwa kumfokea, akasema amezoea kufokewa na mimi tangu akiwa na miaka mitatu. Lakini hakusema "njoo nyumbani", na mimi sikuuliza.

Ila kila Ijumaa saa nane na nusu nilikuwa napiga simu. Inaita mara mbili. Nasikia cherehani inasimama.

"Ngapi?"

"Saba nukta nne."

"Haya."

Inakatwa. Mazungumzo yetu yalikuwa hayo tu. Wiki ya kwanza, ya pili. Wiki ya tatu nilipima mara mbili kabla ya kupiga. "Ngapi?" Saba nukta nne. Wiki ya tano alikuwa na wateja, nikasikia akiwaambia wanyamaze. Wiki ya nane nilitaka kuongeza neno, nimwambie kwamba hapa ndipo mfupa ulipohitaji kufika, nikaishia kusema namba. Wiki ya kumi na mbili Daktari alimpiga Bonge picha, mdogo wangu akanishushia habari kwamba mifupa imeunga yote, imara, fuvu linakua pande zote. Nilifunga mlango wa choo cha maabara nikalia mpaka nikasikia watu wanagonga. Ijumaa ile nilipopiga simu nilidhani labda atasema kitu.

"Ngapi?"

"Saba nukta nne."

"Haya."

Wiki ya kumi na tatu, ya kumi na nne, ya kumi na tano. Mstari wa chupa namba thelathini na mbili ulijaa daftarini, saba nukta nne zimepangana kutoka juu hadi chini. Juu zaidi, kurasa nyingi nyuma, mstari wa chupa namba kumi na saba bado una tundu la Ijumaa moja. Bi Nukta hakuniruhusu nilijaze. Kisichoandikwa siku yake, alisema, hakiandikwi.

Ijumaa ya kumi na sita nilizama na kijiti, nikasubiri. Namba ikateremka, ikasita, ikateremka tena. Ikatulia.

Sita nukta tisa.

Nilisimama pale nikiitazama. Ilikuwa namba ile ile, hata nukta yake. Nilikiosha kijiti, nikapima tena kwa ajili ya utaratibu tu, kwa sababu safari hii hakukuwa na kitu cha kukitilia shaka. Kibamba cha Bonge kilikuwa kimemaliza kazi, kinaanza kurudi kuwa asidi, kule ndani ya kichwa cha mtoto aliyekuwa ameshaanza kusimama. Nikachukua simu.

"Ngapi?"

Nikakohoa. "Sita nukta tisa."

Cherehani ilikuwa imeshanyamaza, lakini nilisikia kitu kingine kinanyamaza, labda redio. Nikaelewa nilichomfanyia. Namba ile aliijua.

"Si mbaya," nikasema haraka, maneno yananipanda. "Wifi, si mbaya, nisikilize. Mfupa umeshaunga, Daktari ameona. Sasa ndiyo wakati wake. Kinaondoka. Ndivyo kinavyotakiwa kuondoka, taratibu, kitaisha chenyewe, hata wewe hutajua. Sikukuficha, nimepima sasa hivi, hata daftarini sijaandika."

Nilisikia Bonge anapiga sufuria kwa nyuma, kwa bidii, na mtu mzima anamwambia aache.

"Leo Ijumaa," wifi akasema.

"Ndiyo. Leo leo."

Akavuta pumzi. Nilidhani atasema haya na kukata, na ningeridhika.

"Jumapili uje," akasema. "Uje umshike kichwa."

Simu ikakatwa. Nilikikalia kiti cha Bi Nukta bila kumwomba, naye akanisogezea kalamu ya wino. Nikaiandika namba kwenye mstari wake, na nukta yake.